Ruhusa za Siku Tisini

Februari ya mwaka 1981, siku ambayo theluji ilipanda hadi madirisha ya chini ya Teague, kiwanda cha mashine za hospitali pale Lowell, Marekani, mzee Wendell Prouty aliingia chumba cha kulehemu akisukuma kitoroli chenye mashine nne, akawaambia kina mama waache kazi. Haikuwa kawaida yake. Prouty alikuwa mhandisi mkuu, mtu wa sweta moja na maneno mawili kwa wiki, na kina mama wa kulehemu, Wareno wa visiwa vya Azori karibu wote, walimwita Mtakatifu Yosefu, maana Injili nzima hakuna mahali Yosefu anafungua mdomo.

Siku hiyo alifungua. "Nani ataniazima moyo?" akauliza.

Kina mama wakatazamana, wakacheka kwa pembeni. Lurdes Bettencourt akajikuta ameinua mkono. Alikuwa na miaka thelathini na nne, mwenye mikono myepesi kuliko wote mezani na ulimi usiojua likizo. Prouty akamfunga nyaya kwenye vifundo vya mikono, akawasha mashine ya kwanza, ile ya wagonjwa wazima inayosimama kando ya kitanda. Mstari wa kijani ukaanza kurukaruka kwenye kioo, namba ikatokea: sabini na nane. Moyo wa Lurdes huo, mbele za watu.

Kisha mzee akaizima, akaifungua kwa bisibisi, akachomoa ubao wa saketi mpana kama sinia la wali, akauchomeka ndani ya mashine ya pili, ile ndogo ya watoto njiti. Akawasha. Sabini na nane. Akauchomoa tena, akautia kwenye ya ambulensi, sanduku la chuma lenye mpini. Sabini na nane. Akautia kwenye ya nne, ya madaktari wa mifugo, nayo ikaamka.

"Lurdes wee, mpaka mashine ya farasi imekutambua!" akapiga kelele Conceição, jirani yake wa mezani.

"Imetambua mizigo ninayokubebea," akajibu Lurdes, ila mdomo tu ndio uliojibu. Macho yake hayakubanduka kwenye ule ubao, na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimesimama. Alikuwa amelehemu miaka kumi na mmoja, kila mashine na ubao wake, kila ubao na mateso yake, wala haikumpitia akilini kwamba mashine nne zisizofanana hata kidogo zinaweza kuwa na kifua kimoja. Aliona ni jambo la kutisha na la kupendeza kwa pamoja, akataka kupiga ishara ya msalaba, mikono ikawa imefungwa nyaya.

"Hili ni sinia," alisema Prouty. "Chakula juu yake kitabadilika. Sinia litabaki moja."

Basi ndivyo lilivyopata jina, Sinia, na ndivyo kiwanda kidogo kilivyoamua kupigana na wakubwa. Kampuni kubwa za Boston na za magharibi zilikuwa na wahandisi mamia, nazo kila mashine ziliianza upya tangu waya wa kwanza, miaka mitatu mitatu. Teague ilikuwa na wahandisi kumi na tisa. Kwa Sinia, sehemu ngumu zingefanywa mara moja na kufanywa vizuri, yaani umeme, kioo, na hesabu ya mapigo, kisha kila mashine mpya ihitaji kutengenezewa yale tu yanayoitofautisha na dada zake. Miezi saba badala ya miaka mitatu. Na fundi wa hospitali angebeba ubao mmoja wa akiba kwa mashine zote.

Lurdes aliuliza swali moja siku ile. "Na mmoja wao akitaka kulibadilisha kidogo, ataomba kwa nani?"

Wiki iliyofuata Prouty akamtoa kwenye lehemu, akampa meza, kabati la chuma na muhuri. Akawa mtunza namba za vipuri.

Sheria ya namba ilikuwa fupi, mtoto wa darasa la pili angeielewa. Vitu viwili vinavyoweza kubadilishana nafasi bila shida vina namba moja. Visivyoweza, kila kimoja na namba yake. Sinia lilikuwa 4400, na aliyetaka kuligusa alipaswa kukusanya saini za vitengo vyote vinne, kimoja kwa kila aina ya mashine, kabla ya kufika kwenye muhuri wa Lurdes. Kwa dharura tu palikuwa na karatasi ya rangi ya waridi: ruhusa ya siku tisini, kitengo kimoja kitengeneze Sinia lenye tofauti ndogo kwa namba ileile mpaka dharura iishe.

Miaka ya mwanzo Lurdes aliishi kama mtu anayelinda muujiza. Mashine kumi na moja zilitoka ndani ya miaka mitano. Wageni wa kampuni kubwa walitembezwa kwenye korido wakawa wanachungulia kila mlango, wakidhani wahandisi wengine wamefichwa. Na mwaka 1982 mtoto wa majirani zake wa ghorofa ya juu, familia ya Furtado, alizaliwa njiti, kilo moja na ushee. Lurdes alikwenda hospitali na dada wa mtoto huyo, Natália, aliyekuwa na miaka kumi na moja, ambaye Lurdes ndiye aliyembeba kwenye kisima cha ubatizo. Wakasimama nje ya kioo. Kando ya kichanga ilikuwepo mashine ya Teague, ikihesabu.

"Madrinha, ndani ya ile mna nini?" Natália akauliza. Ndivyo Wareno wanavyomwita mama wa ubatizo.

"Mna sinia," alisema Lurdes, akaweka kiganja kwenye kioo, kwa sababu alijua kila kiungo cha lehemu mle ndani, na mtoto alikuwa anapumua. Kichanga alipona. Natália akaapa kwamba atakuwa mhandisi, naye alikuwa mtoto wa kushika viapo.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili. Mwaka 1983 kiungo kimoja cha Sinia kiliadimika madukani, kitengo cha vitanda kikaomba ruhusa ya waridi kutumia kingine. Haki yao. Watu wa farasi wakataka plagi ndefu kidogo kwa sababu manyoya yalikuwa yanaingia. Watu wa njiti wakang'oa king'ora kwa kuwa kiliwashtua watoto. Watu wa ambulensi wakaongeza shaba ili ubao ustahimili mashimo ya barabara. Hakuna aliyekuja na upuuzi. Na mkono mtupu haulambwi: huyu alikuja na donati, yule na picha za wajukuu, yule na machozi kabisa. Lurdes alikuwa na huruma, akagonga muhuri. Siku ya tisini walirudi wakisema, "Ongeza tisini nyingine, Lurdes, mteja anasubiri," naye akaongeza. Huruma ni mali jikoni. Kwenye kabati la namba ni panya.

Prouty akafa mwaka 1993. Aliagwa na watu wengi, na Lurdes alilia kuliko jamaa zake. Alijiambia kwamba angalau Sinia la mzee li mikononi mwake salama.

Machi ya 1999, Jumapili baada ya misa, Natália alikuja kwake kula kama kawaida. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mkuu wa kitengo cha ambulensi pale pale Teague.

"Nibariki, madrinha."

"Mungu akubariki. Vua viatu, umeniingizia theluji yote ya Massachusetts."

Natália akakaa mbele ya supu ya kabichi na soseji, akaikoroga bila kuila. "Nina ombi. Usinirushie kijiko."

"Ukianza hivyo najua ni zito. Una mimba?"

"Madrinha!"

"Nauliza tu. Mama yako ananihoji mimi kila Jumapili kama vile nimekuficha mchumba kabatini."

"Nataka namba mpya," alisema Natália. "Nataka ambulensi iondoke kwenye Sinia, tuwe na ubao wetu wenyewe. Tumechelewa miezi kumi na minne. Nikigusa hiki kinavunjika kile, na hakuna anayejua kwa nini. Alhamisi mkuu wetu Rosaire anaamua. Nikikosa, anaifunga mashine yangu, na watu wangu tisa wanakwenda nyumbani."

Lurdes aliweka upawa chini. Aliiona njia yote kwa mara moja: ambulensi wakiondoka, njiti watafuata, kisha farasi. Teague itakuwa viwanda vinne vidogo ndani ya jengo moja, kila kimoja kikibuni umeme na kioo chake, na wakubwa watawameza kabla ya Pasaka nyingine.

"Sinia halina kosa," alisema. "Wewe ndiye una pupa."

"Sinia limekufa, madrinha. Mnalibeba tu."

Kauli hiyo ilimchoma Lurdes kuliko angetukanwa. "Kesho saa mbili asubuhi," alisema, "njoo na bisibisi. Nitakuonyesha maiti anayetembea."

Kesho yake alipanga mashine nne mezani, akajifunga nyaya mwenyewe. Ya kitandani ikampa themanini na nne, kazi ya umri. Akachomoa Sinia lake, akalitia kwenye ya ambulensi. Plagi iliingia kwa kusukumizwa. Akawasha, kioo kikabaki cheusi.

"Labda kioo," alisema Lurdes.

Akalitia kwenye ya njiti. Hiyo iliwaka, ikachora mstari ulionyooka toka mwisho huu hadi mwisho ule.

"Kwa mujibu wa hii," alisema Natália kwa upole, "umeshafariki, madrinha."

Siku nyingine yoyote angejibiwa. Lurdes alikuwa anajaribu kulichomeka kwenye ya farasi, na plagi ilikataa hata kuingia. Akayatoa masinia yote manne, akayaweka pamoja, akavaa miwani. Kwenye pembe ya kila moja palichapwa namba. 4400. 4400. 4400. 4400. Namba moja, na hakuna hata moja lililoweza kukaa mahali pa mwenzake.

Alikwenda kwenye kabati lake. Karatasi za waridi zilijaza droo tatu. Walizihesabu: mia mbili na kumi na mbili, nyingine za dharura ambazo hata walioziomba hawazikumbuki, zote zimeongezewa tisini juu ya tisini, na juu ya kila moja muhuri wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Lurdes alikuwa ametoa nyufa kwa idhini rasmi.

Siku tatu yeye na Natália walipita ghalani, kwenye mistari ya kuunganishia, kwenye meza za mafundi, wakikusanya. Alhamisi, Rosaire Gagnon, mkuu wa Teague, mjukuu wa wafumaji nguo wa jengo hilohilo, aliambiwa kikao kimehamia kantini. Akaja na kikombe cha kahawa, na wakuu wa vitengo nyuma yake.

Meza zilikuwa zimeungwa toka mlangoni hadi mwisho wa ukumbi. Juu yake, kwa mpangilio wa tarehe, zililala mbao za saketi thelathini na saba.

"Mmefungua soko la mitumba?" aliuliza Rosaire.

"Hili ni Sinia," alisema Lurdes.

"Lipi kati ya haya?"

"Yote."

Rosaire akaanza kutembea. Hapo mwanzo alitabasamu. Ukitazama la kwanza na la pili huoni tofauti. La pili na la tatu, kiungo kimoja kimehama. Hatua kwa hatua, kama picha za mtu mmoja tangu utotoni hadi uzeeni, hakuna mahali pa kusema hapa ndipo alipokuwa mwingine, lakini ukifika mwisho wa meza ukageuka kuangalia mwanzo, humtambui. Na kila badiliko lilikuwa safi. Watu wenye akili sana walikuwa wameketi na tatizo la kweli wakalitatua vizuri, mara mia mbili, na kwa akili zao nzuri wakabomoa nyumba waliyokuwa wanaishi bila tofali hata moja kupiga kelele. Hata mkuu wa farasi, mtu wa mzaha, alikuwa amevua kofia yake ya beisboli. Natália alijikuta machozi yanamtoka, asijue ni ya huzuni au ya kustaajabu. Kahawa ya Rosaire ilipoa mkononi.

"Nani aliruhusu?" aliuliza hatimaye.

Natália akafungua mdomo, Lurdes akamwahi.

"Mimi. Kila mmoja aliniomba kidogo, nikampa kidogo. Natália anasema Sinia linamchelewesha. Si kweli. Linalomchelewesha ni kwamba Sinia halipo. Halipo pengine tangu 1985. Mimi nimekuwa nikitunza namba ya marehemu."

Rosaire akamgeukia Natália. "Wewe ulikuja kuomba ubao wako."

"Nilikuja," alisema Natália. "Sasa naona utakuwa wa thelathini na nane tu. Nipe miezi tisa nichore sinia jipya, la wote."

"Wote wanne wakae mezani na wewe?"

"Wakae hadi wachukiane."

Lurdes akatoa muhuri mfukoni, akauweka mezani. "Huu mpe mwingine. Mimi siwezi kusema hapana. Mmeona wenyewe."

Rosaire aliutazama muhuri, akawatazama wakuu wa vitengo mmoja mmoja. "Mwingine nani? Hawa ndio waombaji." Akamsukumia tena. "Utajifunza, Lurdes. Ni neno fupi."

Sinia jipya lilichukua miezi kumi na tisa badala ya tisa, na walichukiana kama walivyoahidi. Lakini lilitoka zuri ajabu, dogo nusu ya la zamani, na Lurdes alipolishika mara ya kwanza vinyweleo vilisimama tena kama msichana wa lehemu. Karatasi za waridi zilibaki, maana dharura hazijaisha duniani. Alijizoeza neno fupi. Alianza na watu wa mauzo, ambao ni rahisi, akaendelea hadi padri aliyetaka mikate arobaini ya sikukuu.

Juni ya 2001, Natália aliingia ofisini kwake, akafunga mlango.

"Madrinha, tundu moja la skrubu. Linagongana na betri yetu. Milimita mbili. Nipe siku tisini."

"Chora upya sanduku lako."

"Kalibu ya kumiminia sanduku imeshachongwa. Ni wiki tano kuchonga nyingine, na zimamoto wa mji mzima wanasubiri mashine sitini. Milimita mbili, madrinha."

Lurdes aliutazama uso ule aliokuwa ameushika wakati padri akiumwagia maji. Katika maisha yake yote hakuwahi kumnyima kitu, si pipi, si ada ya mtihani, si ukweli. Na nani alikuwa na haki zaidi? Sinia lenyewe lilitoka kwenye kalamu yake.

"Hapana," alisema.

"Mimi ndiye niliyelichora!"

"Kwa hiyo kila mtu anakutazama wewe. Nikikupa, kesho nitamwambia nini wa pili?"

"Miaka kumi na minane umewapa wageni!" Sauti ya Natália ilipasuka. "Kwa donati! Nikija mimi ndipo unajifunza?"

"Ndiyo," alisema Lurdes. "Nisamehe. Ukija wewe."

Natália aliondoka bila kufunga mlango. Jumapili hiyo hakuja kula, wala iliyofuata. Lurdes alipika sufuria ileile kwa mazoea, akala peke yake, akalia waziwazi kwenye simu kwa Conceição kwamba amempoteza mtoto kwa milimita mbili.

"Si umpe basi!" alisema Conceição.

"Siwezi."

"Basi kula supu yako."

Wiki tano zikawa sita. Kalibu mpya ilichongwa, zimamoto walitukana, wakazipokea mashine. Natália alimsalimia kwenye korido kwa heshima, kama anavyosalimiwa mtu wa ofisi nyingine.

Mwisho wa Agosti, asubuhi, Lurdes alikuwa mezani, mlango wazi kidogo kwa ajili ya joto, akasikia nyayo na sauti ya Dwight Pelkey wa kitengo cha farasi, mtu mwema aliyemjua tangu zamani.

"Yupo ndani?"

"Una nini?" Ilikuwa sauti ya Natália.

"Jambo dogo. Plagi tu. Anisogezee kwa muda."

"Usijisumbue, Dwight."

"Aa, mama yule ana huruma, namjua miaka mingi."

"Mimi ni mwanawe," alisema Natália, "na alinikatalia."

Kisha nyayo za Dwight ziligeuka, zikarudi zilikotoka. Lurdes aliuinamia mchoro uliokuwa mbele yake, asione namba hata moja.